Inayozunguka Ndoo

Misigalo, jana nilikwenda mjini kununua kiti.
Usicheke. Kiti chenye magurudumu manne,
injini mbele ya magoti, visu tumboni,
unakaa juu yake kama karani wa zamani
na nyasi zinakatika huku umevaa kanga safi.

Wande katuma hela kutoka Mwanza.
Kasema, mama, goti hilo na fyekeo hilo, basi.
Na Kiyungi siku hizi anakuja akipenda:
kukiwa na mvua hayupo, kukiwa na jua anadai maji ya barafu.

Kabla ya kwenda niliupima uwanja kwa hatua zangu za uzeeni:
arobaini na mbili toka mlangoni hadi kwenye michongoma,
thelathini na kidogo upande wa karo.
Kidogo hicho ni kichuguu.
Ulikibomoa mara ngapi? Kimerudi. Kina afya kunishinda.

Kwa Hilali ziko mbili.
Nyekundu ni pana, ina taa mbele
(nani anafyeka usiku, Itetemia, na fisi hawa?)
na mahali pa kuwekea kikombe.
Kijana wa duka akaipapasa mgongo kama anauza ng'ombe:
hii, mama, dakika ishirini umemaliza, unakunywa chai.
Nikamwambia, mwanangu, nikimaliza kwa dakika ishirini
asubuhi iliyobaki nitaifanyia nini?

Ya pili kijani, ndogo, rangi imefifia,
imekaa pale tangu msimu wa tumbaku wa mwaka juzi.
Nikauliza ambayo ungeuliza wewe, mtu wa karakana ya reli.
Mkanda ukikatika? Unatoka Dar, unakuja na treni.
Treni ikichelewa? Akatazama dari.
Na mchanga wetu huu, visu vitakaa miezi mingapi?
Na kiangazi, toka Juni hadi mvua ya Novemba,
ukoka umelala kama mkeka uliochakaa,
mashine nayo italala bila kudai kula?
Toa betri, akasema, mwaga petroli, funika na turubai,
na panya watakula nyaya hata hivyo.
Hapo alinipendeza.

Kisha nikauliza lile nililoliendea:
zinageukaje?

Nyekundu inataka nafasi, kama basi.
Hii ndogo ukikata usukani hadi mwisho
inazunguka ndoo.
Ndoo tu?
Ndoo, mama. Kwani kuna nini katikati ya uwanja wako?

Nikasema kuna jiwe.
Hakuuliza jiwe gani, nami sikumtajia
kwamba lina jina lako na tarehe mbili,
na kwamba fundi alikosea herufi
tukaiacha, maana ungecheka wiki nzima.
Ulikuwa mrefu kuliko ndoo. Nikalipa.

Leo asubuhi imeletwa juu ya guta,
watoto nyuma yake kama harusi.
Nimepanda. Kwanza ilikwenda kinyumenyume,
kuku wa kina Nyanzala hawajarudi hadi sasa.
Halafu tukaelewana, mimi nayo,
nikakuzunguka mara tatu, taratibu,
na kila mzunguko nikiona ule ukanda wa shubiri mbili
kando ya saruji, nyasi zimesimama,
visu havifiki.

Kiyungi akatokea bila kuitwa, fyekeo begani.
Akaitazama mashine kama mke mwenza.
Akaizunguka, akapiga teke gurudumu moja, dogo tu, la heshima,
kisha akachuchumaa pale ubavuni mwako
akaanza kukata, kimya, kidogo kidogo.
Hapa, akasema, haiwezi.

Nimempa chai. Akadai na elfu tatu, nimempa.
Sikuwahi kuangalia kabla ya leo:
anakata kwa mkono wa kushoto, kama wewe,
nyasi zote zinalalia upande wa reli.