Dirisha la Bafta

Mwalimu Rukiya,
barua yako ya Jumatatu nilisomewa na Mwanaisha,
kasimama mlangoni, viatu mkononi,
akiyatoa maneno polepole kama amwagaye maji ya moto:
Famau mvivu. Famau hajitahidi. Famau apelekwe kwa mtu.
Mtu gani, hukuandika.

Mimi nashona kofia hapa Langoni.
Kofia moja, miezi mitatu, tundu kwa tundu.
Huyo mvivu hukaa mguuni pangu akitoka chuoni,
kidole chake kikifuata ua la uzi,
na juzi akasema, "Abu, hapa umeruka moja."
Nikahesabu.
Nilikuwa nimeruka moja.

Lakini mpe ukurasa, jasho lamtoka puani.
"Abu, harufi zatembea."
Bibi yake akataka asomewe kombe. Akasomewa, akanywa.
Maandishi ameyanywa,
kuyasoma bado.
Jirani akasema fimbo.

Fimbo naijua, mwalimu.
Niliacha shule darasa la nne, nikasema nataka kazi.
Uongo. Niliukimbia mstari wa pili wa kitabu,
ule ambao kila nikiufikia
wa tatu umeshaupanda mgongoni.

(Mwanaisha amesimamisha kalamu hapa, ananitazama.
Andika, mwanangu.)

Basi nimekata kipande cha bafta, upana wa vidole vinne,
nikakitia wanga kikakakamaa,
katikati nikatoboa tundu la neno moja
na kulizungushia uzi lisifumuke.
Akikiweka juu ya kitabu, maneno mengine yanalala.
Linabaki moja, halina pa kwenda.
Amesoma samaki. Amesoma mlango.
Kwenye bata akasema data,
akarudi mwenyewe, akatazama tena,
akacheka hadi bibi yake akauliza kuna nini.
Tangu magharibi hadi isha: mistari mitatu.
Najua wenzake wamefika ukurasa wa arubaini.

Sikuombi umpendelee.
Akae mbele. Aachiwe kitambaa chake.
Usimsimamishe asome kwa sauti
mbele ya wale wamwitao Kipunda.
Hesabu muulize kwa mdomo, kisha unyamaze kidogo,
jibu lake lina safari ndefu kuliko la wenziwe
ila hufika.
Na kama wako wengine darasani, wenye mato ya namna hii
(wako, mwalimu, watazame wale wanaoomba ruhusa ya choo
kila kitabu kikifunguliwa),
bafta ninayo. Nambie wangapi.

Mwanaisha asema nimekuwa mrefu, wino unaisha.

Jina hapa chini nimeliandika mwenyewe, kwa tundu lile lile,
herufi moja, nikapumua, herufi moja.
Naitwa Badi; zile mbili zote zimo.
Ukiiona moja imetazama nyuma,
iache.