Safu ya Umbali

Chokaa iliisha, tukachora mistari kwa salfa ya mikorosho,
ya njano, ikamwasha macho kila aliyeteleza besi ya pili.
Newala, Julai. Ukungu ulikuwa haujaamua kuondoka.
Uwanja uliishia pale ardhi inapoishia,
ukingoni mwa Shimo la Mungu,
na Mwalimu Ogata, kwa Kiswahili chake cha miezi saba, akasema:
"Uzio hakuna. Uzio ni hewa."

Neno lake lilikuwa homurani.
Tukalipokea, tukalifunga kanga:
amenihomurani, usinihomurani.
Hata muuza mihogo alisema unga umepiga homurani.

Somoe Lichanda alikuwa nazo kumi na tatu kabla ya siku hiyo.
Daftari ninalo.
Ya kwanza, juu ya paa la ghala la chama cha msingi.
Ya nne, ndani ya sufuria ya uji ya Mama Mchopa,
akalipwa shilingi mia tano na bado ananuna.
Ya tisa nina shaka nayo: iligusa tawi,
na tawi, kwa sheria za Ogata, si mtu wala si uzio.

Gongo lake lilikuwa la mpingo, zito kama deni.
Mjomba wake wa Mkunya, mchonga vinyago, hakujua kuacha:
mwishoni mwa mpini aliweka uso mdogo,
mdomo wazi, kama anayeuliza bei.

Ngwe ya kwanza, besi moja.
Ngwe ya tatu, besi mbili, na kandambili moja ikabaki njiani.
Ngwe ya sita, tatu:
mlinda kulia aliufuata mpira kwenye upupu,
tukamsikia kabla hatujamwona.
Ogata akaacha kutafuna korosho.
Moja, mbili, tatu, na ya nne siku hiyo hiyo, mtu yule yule:
maishani mwake, alituambia baadaye,
ameiona ikitimia mara mbili, zote kwenye runinga,
na moja kati ya hizo alikuwa amesinzia.

Ngwe ya tisa. Mpira ulibaki mmoja,
umeshonwa mara tatu kwa uzi wa gunia.

Sasa niseme ninachokikwepa.
Watu husimulia: "akarushiwa",
kitenzi kisicho na mwenyewe,
kana kwamba mpira ulitoka kwa jini.
Mrushaji nilikuwa mimi,
Fakihi Chinduli wa Tandahimba.
Mdakaji wetu alinionyesha kidole: mpe nne za nje,
atembee bure, yaishe.
Nilikataa. Si ushujaa.
Nilitaka kuona.

Sauti haikuwa kubwa.
Ilikuwa korosho inayobanguliwa chumba cha pili.
Mpira ukanipita juu, ukampita mlinda kati,
ambaye alirudi nyuma hatua sita,
akakumbuka alipo, akakaa chini.
Kisha ukashuka. Ukaendelea kushuka.
Bonde zima, mashamba kama viraka,
Ruvuma mbali kama waya.
Hatukusikia kitu.

Afisa michezo akaamua: mpira hakuna, mchezo haukuisha,
na mchezo usioisha haukuwepo.
Rasmi ni kumi na tatu.
Ogata aliondoka Desemba. Daftari akaniachia mimi,
kwa sababu, alisema, aliyepigwa hasahau.

Tarehe. Mpigaji. Ngwe. Umbali kwa mita.
Safu ya mrushaji haimo.
Mbele ya kumi na nne, kwa penseli,
nimeandika: haujatua.

Mwaka jana nilimkuta ghala la Kitangari,
miwani puani, akipima magunia.
Nikamweleza kuhusu penseli. Hakucheka.
"Ule mpira," akauliza, "ulinipa?"
"Sikukupa. Sijawahi kurusha mzuri kama ule."
Akasoma mzani, themanini na moja,
akaandika,
akaita gunia lingine.