Jozi Tatu Mlangoni

Mvua ya huku hainyeshi, inakaa.
Imekaa tangu Jumatano juu ya paa la baiskeli,
juu ya misonobari, juu ya minyororo ya vikapu
ambayo siioni kutoka hapa lakini naijua ilivyo:
inadondosha, inadondosha.
Nimetoka zamu ya usiku wodini saa moja asubuhi.
Saa tatu Ilpo atapiga honi.

Jozi tatu zimepangana mlangoni
kama wagonjwa wanaongoja kuitwa majina.

Hizi ni buti za mpira, za kuchumia uyoga.
Maji hayazipati. Nami hazinipati:
mguu unaogelea ndani, kisigino kinabaki nyuma
kama mtoto aliyegoma kwenda shule.
Ukirusha kisahani ukiwa umezivaa, mwili wote unageuka,
buti imesimama tu, inatazama ilikotoka.

Hizi ni raba za kukimbilia, nyepesi,
nyayo zimelika zikawa kipande cha sabuni.
Nilizivaa Septemba. Shimo la nne, juu ya saruji,
niliteleza nikaiona mbingu ya Ufini yote kwa mkupuo mmoja,
na kisahani changu cha njano kikashika njia ya ziwani
bila kuniaga.

Hizi mpya. Euro mia moja na arobaini.
Muuzaji, kijana wa ndevu changa, aliapa:
tone halipiti. Chini zina meno kama msumeno.
Nikamwuliza, na goti?
Maana goti langu la kulia lina faili lake,
na kiatu king'ang'anizi hushika ardhi
wakati nyonga imeshaondoka;
aliye katikati ndiye hulipa.
Akanitazama kama niliyeuliza bei ya mvua.

Nikavaa mpya. Pesa ikishatoka
haipendi kuachwa mlangoni.

Uwanjani, kila mtu na dawa yake.
Marketta amefunga mifuko ya mkate juu ya soksi:
ukisikia fyaka-fyaka, anakuja.
Jouko ameazima njumu za mwanawe,
kwenye saruji anagonga kama farasi wa posta.
Na Ilpo, miaka sabini na moja, sandali!
Sandali, na soksi za sufu alizofuma mwenyewe.
"Sufu ikilowa bado inapasha," akasema,
kisha hakusema tena hadi shimo la tatu.

Mashimo sita nilitembea kama mwenye nyumba.
Mizizi iliyolowa, kuvumwani, matope mekundu ya majani:
kote nilikanyaga, kote nikasimama.
La saba, kijito kimehama njia yake.
Nikaruka gogo. Nikatua pungufu.

Muuzaji hakusema uongo. Tone halikupita.
Lilipita ziwa, kwa juu, kwa mlango wa mbele,
na kiatu kisichoingiza maji
hakiyatoi.
Nikabeba visima viwili, chwa, chwa,
huku Ilpo mbele yangu anavuja kwa raha zake:
yanaingia kwa vidole, yanatokea kisigino,
kama wageni wanaojua saa ya kuondoka.

Shimo la kumi na mbili nikaketi kwenye benchi, nikavua,
nikamimina. Marketta akahesabu kwa sauti hadi tisa.
Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga;
niliyavulia viatu, nikapanda sarujini na soksi.
Nyuzi nne za joto. Hatua tatu. Nikarusha.
Soksi ilishika, kisha, mahali hasa pa kuachia,
ikaachia.
Goti halikusema neno.
Kisahani kilipita kati ya misonobari miwili
na minyororo ikacheka.

Hakuna aliyepiga makofi. Jouko alipenga kamasi.
"Usirudie," akasema Ilpo, "utaugua,"
na mimi, muuguzi, nikaitika, ndiyo, bwana.

Sasa zimelala kando ya jiko la sauna,
vinywa vimejaa gazeti la juzi:
cha kushoto kinameza matangazo ya vifo,
cha kulia kinameza hali ya hewa,
na kutoka pembeni mwa ulimi neno moja limechungulia:
theluji.
Sina jozi ya nne.