Chupa ya Tatu

Siku ya tisa tangu azae, Shilingi aligoma kula.
Pumzi yake ilinuka ndizi zilizopitiliza,
maziwa yakashuka hadi ya chai tu.
Daktari Sigilai alipanda Mauche kwa pikipiki,
akatundika chupa kwenye msumari wa zizi,
matone yakaingia shingoni, moja, moja.
Jioni Shilingi alitafuna nyasi.
Nikasema, kumbe ni sukari tu!

Kesho yake, chupa ya pili.
Ya tatu niliidai mimi,
nikatoa pesa ya mbegu za viazi.

Alfajiri nilimkuta chini,
macho maangavu, miguu haimtii.

Sigilai alichukua damu, akarudi na karatasi,
akachuchumaa palepale kwenye samadi:
"Mwenye peremende akipita njiani, Mama Cheptoo,
watoto humfuata hadi ndani ya nyumba.
Fosforasi imeifuata sukari.
Potasiamu nayo imefuata.
Zimejazana ndani ya nyama,
barabara ya damu imebaki tupu.
Na nyingine," akaongeza, "imetoka na mkojo."

Nilitafuta wa kumlaumu.
Mkono ulioishika chupa ile
bado ulikuwa na alama ya kizibo.

Tulimnywesha dawa ya chumvichumvi kwa mpira,
tukamgeuza ubavu kila baada ya saa tatu,
mimi, Cheptoo, na jirani asiyeniamkia tangu kesi ya mpaka.

Usiku niliegemea mgongo wake wenye joto,
nikanywa chai kavu, haina hata chembe.

Saa kumi alijaribu goti.
Moja.