Lifti ya Kwendea Juu

Thuwaini kaja toka Duqm na mchoro,
akautandaza busatini, kando ya sinia la halwa:
kamba moja, alisema, nyembamba kama utepe,
inaanzia baharini, mwisho wake hauonekani,
na lifti itapanda siku nane.

Siku nane! Zahor akauliza choo kiko wapi.
Bi Ghaniya akauliza kibla.
Mpangaji wa Ruwi, ghorofa ya saba,
alicheka hata kahawa ikampalia:
"Yetu imekufa tangu Shaabani."
Shangazi Rayya hakucheka. Alitaka kujua
huko juu, kamba anaishika nani.

Baba alinyamaza.
Yeye bado anagawa maji ya falaji kwa nyota,
na saa ipo ukutani, na simu ipo mfukoni.

Usiku nikamfuata mitendeni.
Alichomoa uzi kwenye shada la kanzu,
akafumba jicho moja,
akaunyoosha mbele ya Kilimia.

"Haizibi," akasema. "Waache wajenge."

Kisha akainama, akang'oa tambara mferejini,
maana zamu ya jirani ilikwisha
na maji yalikuwa yetu.