Upana wa Mlango

Ardhilhali ilifika Jumatatu, imefungwa kwa uzi wa gunia,
kurasa kumi na tisa, ya mwisho ikinuka mafuta ya taa.
Kazi yangu si kuamua. Kazi yangu ni kuhesabu:
jina, nambari ya kitambulisho, sahihi au dole gumba,
na kama waombaji wamekwisha kubisha kwingine
kabla ya kubisha kwetu.

Walikuwa wamebisha. Wameambatisha majibu:
barua ya Reli, "suala lenu linashughulikiwa,"
barua ya Kaunti, "suala lenu si letu,"
na ya tatu, bahasha tupu yenye mhuri.

Wanachoomba ni kifupi.
Ukuta umejengwa nyuma ya stesheni ya Dandora,
baina ya nyumba zao na shule.
Hawasemi ubomolewe. Wanaomba mlango.

Majina mia mbili na kumi na nne.
Wengine wameandika kwa herufi za darasa la kwanza,
wengine ni kidole tu, wino umefurika nje ya kisanduku.
Nambari mia mbili na tatu, Mwikali Ndeto:
penye kitambulisho ameandika *nakingoja, mwaka wa nne.*
Kanuni haimjui anayengoja.
Nikamkata. Kwa penseli,
bila kuikandamiza.

Spika aliisoma alasiri ya Jumatano, dakika tatu,
siku sitini zikaanza kukimbia.
(Siku za Bunge zina likizo ndani yake.
Ukuta hauendi likizo.)

Siku ya arobaini na moja akidi ilipatikana saa nne na nusu,
baada ya chai, baada ya simu mbili.
Mhandisi wa Reli alikuja na michoro na wakili.
Kwamboka Nyaundi, mpika chapati, mwombaji wa kwanza,
alikuja na uchovu wa foleni ya getini,
na askari huko chini wamebaki na kisu chake cha vitunguu.
Alikula kiapo akikiinamia kipaza sauti
kama mtu anayepuliza jiko.

Mheshimiwa mmoja, aliyekuwa akisoma simu,
aliinua kichwa: "Mlango wenyewe, upana gani?"
Kwamboka akanyoosha mikono.
Kicheko kidogo. Mwenyekiti, kwa upole:
"Mama, mikono haiingii kwenye Taarifa Rasmi. Sema kwa maneno."
Akaitazama mikono yake, bado haijashuka.
"Upana wa mtu," akasema, "aliyebeba mtoto mwenye homa,
na mwingine kando anamshikia mwavuli."

Mhandisi akauliza hizo ni sentimita ngapi.
Hakuna aliyemjibu. Hata yule wa simu
alikuwa ameilaza kifudifudi.

Ripoti niliiandika mimi. Aya ya thelathini na mbili:
"Kamati inapendekeza..." Nilitaka kuandika *inaamuru*.
Kamati haiamuru. Inabaini, inahimiza, inapendekeza,
vitenzi vya mtu anayekohoa mlangoni
badala ya kusukuma.
Kuhusu upana, niliyaweka maneno yake yalivyo.
Mwenyekiti aliyasoma mara mbili, akatia sahihi.

Barua ya waombaji nimeitia bahasha
kabla ya siku kumi na tano, kama kanuni isemavyo.
Kama Reli watautoboa ukuta, sijui.
Nimeona mapendekezo yakizeekea kwenye rafu;
nimeona pia moja, la kisima cha zahanati, likitoa maji.

Jioni, kabla ya kufunga faili,
nilirudi ukurasa wa kumi na nane na kifutio.
Jumla kwenye ripoti haikubadilika: mia mbili na kumi na tatu.
Ila pale karatasini, ukiinamisha taa,
utaona njia ya mstari uliowahi kupita
juu ya Mwikali Ndeto,
na chini yake jina, zima.