Chungu cha Oktoba Mosi

Mahindi yamelowa tangu jana, na kunde,
na mfupa aliokopa kwa jirani.
Mkono wa kulia wa Eduvigis umeshika rozari,
wa kushoto unakoroga.
Leo Bwana Oktoba anapita Caazapá
na kofia yake ya ukili, mjeledi begani,
akichungulia vyungu:
akikuta upungufu, anahamia
mpaka Desemba.

Kasisi mgeni anauliza
huyo bwana ni mtakatifu wa sikukuu gani.
"Si mtakatifu. Ni njaa.
Na njaa haina parokia."

Kisha anamwomba Tupã
(jina hili lilikuwa la radi
kabla halijabatizwa)
nusu Kiguarani, nusu Kihispania,
na katikati neno moja ambalo hata yeye
hajui lilizaliwa na nani.

"Lipi lenu, lipi lao?"
Kasisi ana daftari.
Bibi anampa bakuli.
Chakula hiki hukiita jopara;
na usemi wao, jopara.
"Chambua, Padri. Kunde huku, mahindi huku.
Mchuzi sijui utauweka wapi."

Kasisi anapuliza, anakula.
Nje mbwa anabweka, njiani hapana mtu.
Eduvigis anausogeza mfuniko kando,
aonaye aone.